Basi Nalo Hupanda Juu

Mwandishi anayewashauri wageni wa Kisiwa cha Mafia kwamba asiyerudi kwa ndege aweza kupiga mbizi hadi asubuhi ya safari amewasahau watu wa Mlali, mkoani Morogoro. Kinachodhuru ni kupungua kwa mgandamizo wa hewa, kwa ndege au kwa basi. Anayepumua kwa mtungi chini ya Ghuba ya Chole hujaza naitrojeni mwilini. Akipanda mlima kabla haijatoka, hugeuka viputo vinavyoumiza viungo, hata kupoozesha. Kwa aliyezama mara kadhaa, mwongozo wa kawaida kabla ya kuruka ni kusubiri angalau saa 18, na tahadhari ya mwinuko huanzia mita 300 hivi. Mlali imepita hapo. Mgeta, juu yake katika milima ya Uluguru, inapita mita 1,000.

Atasema boti ya kwenda Nyamisati, bara, na basi humaliza saa hizo. Huenda, lakini tangu 2024 treni ya umeme imefupisha Dar es Salaam hadi Morogoro kuwa takriban saa mbili. Afya isiachiwe ratiba. Wala siku ya mwisho haipotei: kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe huogelea karibu na Kilindoni, na kuwatazama juu ya maji kwa miwani na mrija hakuhitaji mtungi.