Kijana Akienda Marekani Arudi na Nini?

Imekuwa desturi katika nchi yetu kumpokea kijana atokaye ng'ambo kwa swali moja: "Huko umeona nini?" Naye, ikiwa ametoka New York au Chicago, hueleza urefu wa majumba, wingi wa magari, treni zipitazo chini ya ardhi na taa ziwakazo usiku kucha. Wasikilizaji hushika vichwa, na wadogo walioketi pembeni hujiapiza kwamba siku moja nao watakwenda huko. Mazungumzo hukoma hapo. Hakuna aulizaye miji ile ilijengwaje, wala ni nini kilichoiangusha mingine.

Kwa mji mdogo kama Tinde, maswali hayo mawili ni ya lazima. Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo, moja ikaelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Aidha, mji huo umo katika ukanda wa almasi ya Mwadui na dhahabu ya Kahama na Geita. Kijana wa Tinde aliyefika Marekani anayo mengi ya kujifunza, mradi aende na macho yaliyofunzwa kutazama.

Mfano mzuri upo hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1960, binti wa miaka 20 kutoka Nyeri nchini Kenya alisafiri kwenda kusoma Marekani, pamoja na wanafunzi wengine waliopata nafasi wakati wa juhudi za Tom Mboya. Binti huyo ndiye aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kama Profesa Wangari Maathai. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2006, alisimulia jinsi majumba ya New York yalivyomstaajabisha. Alisimulia pia kwamba yeye na wenzake, walipokuwa safarini kwa basi kwenda Kansas, walikatazwa kuketi mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Hivyo Marekani ilimwonyesha fahari yake na aibu yake katika safari moja.

Baadaye alisoma Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma ambao katika miaka ya 1940 moshi wake uliwahi kulazimisha taa za barabarani kuwashwa mchana. Alipofika huko katikati ya miaka ya 1960, aliwakuta wananchi katika jitihada za kuisafisha hewa ya mji wao. Somo hilo hakulisahau. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na kina mama wa vijijini wakapanda mamilioni ya miti. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Wananchi wa Shinyanga wanaielewa vyema kazi ya namna hiyo, kwani mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliirudishia ardhi uoto wake kwa kutumia ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga malisho.

Sasa itazamwe Chicago. Mwaka 1837 ilipopewa hadhi ya mji, ilikuwa na watu wapatao 4,000 tu. Mwaka 1848 ilipata mfereji wa kuliunganisha Ziwa Michigan na njia za maji za mto Mississippi, na mwaka huo huo reli yake ya kwanza ikaanza kazi. Kufikia mwaka 1890 wakazi wake walizidi milioni moja. Chicago ilikuwa njia panda, lakini haikuridhika kupitwa. Nafaka iliyofika hapo iliwekwa ghalani na kuuzwa hapo, mbao zilipasuliwa, ng'ombe walichinjwa na nyama ikasindikwa. Tinde nako hupita mizigo mchana na usiku, na ng'ombe wa Shinyanga husafirishwa wakiwa hai hadi mnada wa Pugu, mamia ya kilometa kutoka malishoni. Kazi ya kuchinja, kusindika ngozi na kufungasha nyama inawafuata huko huko.

Hata hivyo, utajiri wa Chicago ulipatikana kwa jasho lililonyonywa. Mei 1886 wafanyakazi wa mji huo waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, na damu ikamwagika. Sikukuu ya Mei Mosi, ambayo kila mtumishi na kila mwalimu wa Tanzania huandamana kuiadhimisha, ina mizizi yake katika mgomo huo. Kijana atakayerudi na sifa za majengo bila habari za waliovuja jasho atakuwa ameleta nusu ya habari.

Liko na onyo, nalo liko Detroit. Mwaka 1950 mji huo wa viwanda vya magari ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Viwanda vikahama, ubaguzi wa rangi ukaugawa mji, na wenye uwezo wakakimbilia vitongoji vya nje. Mwaka 2013 mji ulitangaza kufilisika, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 640,000. Mji uliotegemea kazi ya aina moja ulipoikosa kazi hiyo, nyumba kwa maelfu zilibaki magofu.

Ukanda wa dhahabu umekwisha kulionja jambo hilo. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukomesha mwaka 2021. Ni miaka kumi na miwili, muda usiotosha mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa kumaliza shule ya msingi. Uamuzi wa kuligeuza eneo lake kuwa eneo maalumu la kiuchumi ni wa busara. Lakini dhahabu ya Geita nayo ina mwisho, kwa maana mawe hayazai. Ushuru wa huduma unaolipwa na migodi hauna budi kuwekwa katika vitu vitakavyodumu baada ya shimo kufungwa: maji, shule za ufundi, machinjio, viwanda vya ngozi na mafuta ya pamba.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi wa umma na walimu unapoonekana. Afisa mipango ahakikishe viwanja vya Tinde vinapimwa kabla watu hawajajenga ovyo kandokando ya barabara. Mwalimu wa jiografia awafundishe wanafunzi kuuliza maji ya mji hutoka wapi, nani anakula faida ya mzigo upitao, na kazi itakayokuwepo mgodi ukifungwa. Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo, akipata bahati ya kusafiri, atajua la kutazama New York. Na asipoipata, atajua la kufanya Tinde.

Na siku kijana mwingine atakaporudi kutoka Marekani, wazee wamkaribishe, wampe maji ya kunywa, kisha wamwulize: "Wale wamefanyaje, nasi tufanyeje?"