Tuuone Mlango Anaoingilia Jaji



Tukibishana juu ya mahakama zetu, tunabishana juu ya hukumu: nani kashinda, nani kaonewa. Ni mara chache tunauliza swali la kwanza kabisa. Huyu aliyeketi pale juu, alifikaje? Naomba tulitazame kupitia mtu mmoja wa hapa Minnesota ninapoishi, Alan Page.

Page alizaliwa Ohio mwaka 1945. Watu walimjua kwanza kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, alipokuwa Minnesota Vikings. Mwaka 1971 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima, na kabla yake hakuna mchezaji wa ulinzi aliyewahi kuipata heshima hiyo. Mwingine angeridhika. Yeye aliingia darasani huku bado anacheza, na mwaka 1978 akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Minnesota. Akafanya kazi kwa mawakili binafsi, kisha katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Kila jimbo la Marekani lina Mahakama yake ya Juu. Ya Minnesota ina majaji 7, na katiba inataka wachaguliwe na wananchi kwa vipindi vya miaka 6. Lakini maandishi ni kitu kimoja na mazoea ni kingine. Mara nyingi jaji huondoka kabla ya muhula kwisha, gavana akateua wa kujaza nafasi, na mteule huyo akigombea baadaye, karatasi ya kura inaonyesha kuwa ndiye aliyeko kitini. Nani atamng'oa?

Mwaka 1992 Page alitaka kugombea kiti ambacho muhula wake ulikuwa unakwisha. Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekuwepo, na uchaguzi ukawa umeyeyuka. Page akaenda mahakamani. Kwa kuwa kesi iliihusu Mahakama ya Juu yenyewe, majaji wake walikaa pembeni, wakawekwa wengine kuisikiliza. Wakaamua kiti kipigiwe kura. Page akashinda, na mwaka 1993 akaanza kazi, jaji wa kwanza mweusi katika mahakama ile. Alichaguliwa tena 1998, 2004 na 2010, akastaafu 2015 alipotimiza miaka 70, umri ambao sheria ya jimbo inamtaka jaji aondoke.

Najua atatokea wa kuniuliza: sasa na sisi tuwapigie kura majaji? Hapana. Kwa jirani zetu wa Wisconsin, mwaka 2025 kampeni za kiti kimoja zilikula zaidi ya dola milioni 90. Huko Iowa, mwaka 2010, majaji watatu waliondolewa kwa kura kwa sababu ya hukumu moja iliyowaudhi watu. Jaji anayemtazama tajiri wa kampeni hana tofauti kubwa na jaji anayesubiri simu ya Ikulu.

Ninachokitaka mimi ni mlango unaoonekana, na wa kuugonga ukifungwa. Kenya, tangu katiba ya 2010, Tume ya Utumishi wa Mahakama huwasaili wanaoomba ujaji hadharani. Ni kweli Rais Uhuru Kenyatta aliyakalia majina yaliyopendekezwa 2019, na mwaka 2021 akateua 34 na kuwaacha 6, ambao waliteuliwa na Rais William Ruto mwaka 2022. Lakini Wakenya walijua ni nani wameachwa, na wakahoji kwa sauti kubwa. Kwetu Tanzania, Katiba inasema Rais atateua baada ya kushauriana na Tume. Yanayosemwa katika mashauriano hayo mwananchi hayasikii. Anasikia majina tu kwenye taarifa ya habari.

Wengi wetu tulio mbali tuna kesi za mashamba na viwanja vya wazazi wetu kule nyumbani. Jaji akiamua dhidi yangu, nitaumia, lakini nitakubali kama niliona alivyopimwa kabla ya kukalia kiti kile. Nisipoona, hata hukumu ya haki nitaishuku, na nchi ambayo watu wake wanashuku hata haki yenyewe imepungukiwa.

Basi usaili wa majaji uwe wazi, na majina yanayopendekezwa yatangazwe kabla ya uteuzi. Naomba kutoa hoja.