Dini Wanayo, Lugha Tumewanyima

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo linalowagusa wengi wetu hapa pwani, ijapokuwa twapenda kulifunika. Ni nani katika Mombasa, Lamu au Malindi asiye na mwana au ndugu aliyelowea Uingereza, Ghuba au Marekani? Likizo zikifika watoto wao huja, nasi huwapokea kwa furaha. Lakini hazipiti siku mbili kabla hatujaanza kuwatoa kasoro.

Binti yangu anakaa London na mumewe, ambaye pia ni kijana wa hapa kwetu. Agosti iliyopita alikuja na mwanawe wa miaka 11. Siku ya kwanza mtoto huyo alipita barazani pa wazee bila ya kutoa shikamoo wala kumbusu mtu mkono. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa ukisema kuwa mjukuu wangu amekwisha kuwa Mzungu. Nami, Mungu anisamehe, niliona haya, nikamkaripia.

Alfajiri yake nikafunzwa adabu. Hapa Mji wa Kale adhana hulia kila upande, hata asiyetaka huisikia. Wajukuu wangu waliokulia humu nyumbani walikuwa wamejifunika shuka gubigubi. Huyo "Mzungu" alikuwa amekwisha kutawadha, yuasimama mlangoni akiningoja twende msikitini. Mama yake akanieleza kuwa mtaani kwao adhana haisikiki. Wao hutazama saa. Ijumaa ni siku ya kazi kama nyingine, na Idd si sikukuu ya serikali kama ilivyo hapa Kenya, bali mtu huomba ruhusa. Mwaka wa 2016 Ramadhani iliangukia Juni, wakati ambapo mchana wa huko ni mrefu mno. Walimaliza daku kabla ya saa tisa za usiku na kufuturu baada ya saa tatu usiku, saumu ya zaidi ya saa 18. Hali sisi tulio karibu na Ikweta hufunga saa 13 na kitu mwaka nenda mwaka rudi, uji na kaimati zikitungoja. Hapa dini tunaikuta mlangoni. Kule mtu hana budi kuibeba mwenyewe.

Hivyo basi tusiseme kuwa watoto hawa wamepotea. Shikamoo ni mila njema nami naipenda, lakini si nguzo ya dini. Tukichanganya mambo hayo mawili tutawadhulumu.

Hata hivyo liko jambo lililoniuma, nalo si kosa la mtoto. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kitandani siku hizo. Alimwita kitukuu chake, akamshika mkono, akamwambia maneno mengi: ya wazee wake, ya sala, ya kutosahau kwao. Mtoto alikuwa akimtazama tu. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza, "Babu, anasemaje?" Nikamfasiria, lakini wasia ukipitia kinywani mwa mtu mwingine hufika umepoa. Mwezi wa Novemba mama alifariki. Mtoto alinipigia simu akilia, akataka nimwambie tena yote aliyoambiwa siku ile. Sikuyakumbuka yote.

Sasa kosa ni la nani? Kwa miaka mingi nimezungumza naye simu kila Ijumaa, na kila mara kwa Kiingereza. Nilijiambia kuwa namrahisishia. Kwa kweli nilipenda majirani wasikie jinsi babu anavyokimudu. Twapenda kuwarushia watoto methali ya mwacha mila ni mtumwa. Lakini asiyepewa ataacha nini?

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka wa 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao bila ya kuiga Wazungu kijinga, na mawaidha hayo aliyaandika kwa Kiswahili. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy naye akaifasiri Qurani nzima kwa lugha hii, tafsiri iliyotolewa mwaka wa 1969. Hizi ni hazina tulizoachiwa. Mtoto asiyejua Kiswahili ataziona kama sanduku lililofungwa, na ufunguo tunao sisi.

Basi rai yangu ni hii. Wewe uliye na mjukuu ng'ambo, ukimpigia simu sema naye Kiswahili, hata kama atajibu neno moja. Akikosea msicheke, wala msimwite Mzungu barazani. Nanyi wazazi mlioko huko, lugha ya shuleni atafunzwa na wenyewe; ya nyumbani hana mwengine wa kumfunza ila nyinyi.

Simu zetu sasa ni za Kiswahili. Twaenda polepole, na mara nyingi twanyamaza tukitafuta maneno. Ijumaa iliyopita aliniuliza "wasia" maana yake nini. Nilimweleza, na mara hii sikutia Kiingereza.