Gari ya dola 84.990, na sisi tunabaki na shimo



Mwezi wa sita mwaka 2025, kampuni Tesla ya Marekani ilipandisha bei ya gari zake mbili za kifahari zinazotembea na umeme. Model S ilitoka dola 79.990 ikafika 84.990. Model X ilitoka dola 84.990 ikafika 89.990. Ukiangalia picha, gari ni zile zile. Wameongeza kamera ya mbele, rangi mpya ya bluu, mataa ya mapambo ya ndani, wamepunguza kelele, na ndani ya Model X anayekaa kiti cha nyuma kabisa amepata nafasi kidogo ya kunyoosha miguu. Kwa hayo, mnunuzi anaongeza dola 5.000.

Je, nyongeza hiyo inastahili? Tajiri wa California atajibu na mfuko wake. Sisi tuko na jibu letu, juu kitu kimoja ndani ya gari hiyo kinatoka katika inchi yetu. Jibu letu ni hapana, na tutaeleza na hesabu, si na hasira.

Betri ya Model S iko na nikeli, kobalti na alumini. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, karibu yote katika Lualaba na Haut-Katanga. Tesla yenyewe imeandika ndani ya ripoti zake kwamba inanunua kobalti ya Kamoto Copper Company, mgodi wa Glencore kule Kolwezi. Hatumsingizii mtu.

Sasa bei. Mwanzo wa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90.000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeanguka karibu dola 22.000, ni kusema dola 22 kwa kilo. Tuseme betri moja ingebeba kilo 10 za kobalti: hiyo ni dola 220 ndani ya gari ya 84.990. Hata bei ya kobalti ikipanda mara mbili, ni dola 440. Kwa hiyo mtu asituambie ile 5.000 ni juu ya madini yetu. Rangi ya bluu na kimya ndani ya gari vinalipwa kuliko jiwe ambalo watu wanaingia chini ya udongo kulitafuta.

Na wanaoumia chini ya udongo huo, nani anawalipa? Mwezi wa kumi na mbili 2019, familia za watoto waliokufa ao kulemazwa katika migodi ya kobalti zilishitaki Tesla, Apple, Google, Microsoft na Dell kule Washington. Mwezi wa tatu 2024, mahakama ya rufaa ilikataa mashitaka yao. Kwa majaji, kununua madini kupitia soko la dunia si kushirikiana na yule anayemtumikisha mtoto. Basi tusingoje jaji wa Marekani atuokoe.

Mwingine atasema: bei ya gari si jiwe tu, kuna akili, kiwanda na kazi ya watu. Ni kweli, na njo kitu tunataka kila kijana ashike: thamani inaongezeka pale kiwanda kiko. Kobalti yetu inatoka Kolwezi ikiwa ungaunga, sehemu kubwa inaenda kusafishwa China, kisha inaturudilia ndani ya simu na betri kwa bei ya dukani.

Mwaka 2021 BloombergNEF ilifanya hesabu ya kiwanda cha kutengeneza hapa Kongo malighafi ya betri, cha tani 10.000. Ingeomba dola milioni 39. Kiwanda kama hicho Marekani kingeomba milioni 117, mara tatu. Sasa gawa milioni 39 kwa ile bei ya Model S ya dola 84.990: ni gari 459. Bunge letu la taifa liko na wadepite 500. Kiwanda kizima ni bei rahisi kuliko kumpatia kila mudepite gari moja ya aina hiyo.

Mfano huo hatukuutoa hewani. Mwaka ule ule wa 2021, wadepite waligawiwa jeep za Hyundai Palisade, wakati Ituri na Kivu ya Kaskazini zilikuwa zimeingia chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano. Palisade si Tesla, bei yake iko chini. Lakini jeep zilipatikana. Na mwezi wa ine 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Jeep tuliziona kwa macho. Kiwanda, tunaomba tuonyeshwe.

Tena Leta isiseme haina nguvu. Mwezi wa pili 2025 ilisimamisha kutoa kobalti inje kwa miezi ine, ikaongeza mitatu, na tangu tarehe 16 mwezi wa kumi inatoa kwa kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Ni kusema Kongo ikikohoa, soko la dunia linasikia. Swali ni pesa ya ile bei mpya inaingia mfuko wa nani.

Mtu wa Mudzipela ao wa Nyakasanza atauliza: kobalti haiko kwetu, inatuhusu nini? Inatuhusu juu sheria ni moja. Dhahabu ya Mongbwalu inatembea njia ile ile ya kutoka mbichi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi vile inavuka kuingia Uganda kwa magendo. Kituo cha umeme cha Budana kilijengwa wakati wa Wabeleji kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, si kwa ajili ya nyumba zetu. Kigali na Kampala wamotari wameanza kubadilisha betri kuliko kununua esansi. Motari wa Bunia analipa esansi, analipa na barieri za RN27. Umeme unaotufaa sisi ni wa pikipiki yake kwanza, na hauwezi kuja bila kuranta nyumbani.

Kwa hiyo tunadai:

1. Sheria ya madini ya 2018 inagawa ada ya madini hivi: asilimia 50 kwa Leta, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, cheferi ao mji, na 10 kwa FOMIN, mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti inalipa ada ya asilimia 10. Hesabu ya FOMIN itangazwe kila mwaka. Vizazi vijavyo ni sisi, na tuko hapa tayari.

2. Serikali iseme kiwanda cha betri kimefika wapi: mahali, pesa, tarehe.

3. Jimbo la Ituri litangaze dhahabu imelipa ngapi, na sekta na cheferi za Djugu, Irumu, Mahagi na Aru zimepata ngapi.

Mwenye kupenda gari nzuri hatumchukii. Wengi kati yetu tuko na diploma ndani ya sanduku, na tungefurahi kuajiriwa kuzitengeneza. Siku betri itafungwa Kolwezi na mtoto wa hapa akiwa mule ndani kama injenia, waweke rangi wanayotaka na bei wanayotaka. Mpaka siku ile, ukiona Tesla kwenye simu yako, uliza swali moja: sehemu yetu iko wapi?