Nyumba ya Magurudumu na Mafiga Matatu



Meza yenye miguu minne, ikiwekwa juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, haitulii. Mguu mmoja huning'inia, na mwalimu hutafuta kipande cha karatasi cha kuutegemeza. Lakini chungu juu ya mafiga matatu hakichezi, hata kama jiwe moja ni kubwa kuliko mengine. Mama zetu wamelijua jambo hilo tangu kale bila kusoma uhandisi. Leo tutazame jinsi hekima hiyo ya jikoni inavyookoa gari kubwa la safari.

Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaonunua lori lenye kusukumwa na magurudumu yote, wakajenga juu yake nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na tangi la maji, ili wavuke majangwa na milima pamoja na jamaa zao. Kazi hiyo yaonekana nyepesi: twaa lori, twaa nyumba, kaza bolti. Lakini mwenye kufanya hivyo, akiisha kuiacha lami, atasikia kuta zikilia, ataona mlango ukigoma, na mwishowe atakuta ufa katika chuma. Kwa nini?

Chini ya lori ziko boriti mbili ndefu za chuma, zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Hiyo ndiyo chasi, uti wa mgongo wa gari. Gurudumu la mbele la kushoto likipanda jiwe, na la nyuma la kulia likipanda jingine, springi hubonyea. Zisipoweza tena, chasi yenyewe hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Hilo si kosa la kiwanda. Chasi nyingi za malori hufanywa zipinde kidogo, ili magurudumu yaendelee kugusa ardhi. Maana gurudumu linaloning'inia hewani halisukumi gari wala haliwezi kulisimamisha. Lakini nyumba yenye kuta ngumu haipindi. Ukikikaza kitu kigumu juu ya kitu chenye kupinda, kimojawapo hakina budi kuvunjika, na mara nyingi huvunjika pale penye bolti.

Gari lililolifundisha jambo hili vizuri ni Unimog la Ujerumani. Mhandisi Albert Friedrich, aliyekuwa ameshughulika na injini za ndege, alikusudia kuwapa wakulima chombo cha shamba baada ya vita. Gari la kwanza la majaribio liliendeshwa mwaka 1946. Upana baina ya magurudumu yake ya kushoto na kulia ulikuwa sentimita 127, sawa na mistari miwili ya viazi. Tangu mwaka 1951 kampuni ya Daimler-Benz ililitengeneza mjini Gaggenau. Springi zake ni za chuma kilichozungushwa, zenye kuruhusu ekseli kupanda na kushuka sana. Ekseli zenyewe zimeinuliwa juu kuliko kitovu cha gurudumu, kwa msaada wa gia, zisigonge mawe. Na kwa kuwa chasi yake hupinda, kibanda cha dereva hukaa juu ya nukta tatu. Hayo ndiyo mafiga!

Basi, fundi mwenye busara hufuata mambo manne.

Kwanza, nyumba huwekwa juu ya nukta tatu: mbili upande mmoja, kushoto na kulia, na moja katikati ya upande wa pili, yenye pini ya kuzunguka. Chasi ikijisokota, pini huzunguka, na nyumba hutulia. Tena fundi hatoboi kingo za juu na za chini za boriti, maana ndizo zinazobeba nguvu kubwa. Hufuata maagizo ya kiwanda.

Pili, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 300 ni kilo 300. Mzigo kama huo huwekwa chini, baina ya ekseli, wala si juu ya dari. Gari likiisha kujazwa kila kitu, hupimwa ekseli moja moja, ndipo springi huchaguliwa. Springi ngumu kupita kiasi hazibonyei, nazo huwarusha wasafiri na kuliinua gurudumu hewani. Zilizo laini mno hulilaza gari katika kona.

Tatu, shokapu. Springi hupokea nguvu na kuirudisha. Pasipo shokapu gari lingeendelea kurukaruka. Shokapu hupitisha mafuta katika matundu madogo na kugeuza mwendo kuwa joto. Katika barabara yenye mawimbimawimbi, joto huzidi hata shokapu ikadhoofika. Dereva asikiapo gari limeanza kuyumba, na apunguze mwendo, asimame, aiache ipoe.

Nne, jaribio kabla ya safari. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo imara, na la nyuma la upande mwingine juu ya gogo la pili. Kisha fungua mlango wa nyumba. Ukifunguka kama kawaida, kazi ni njema. Ukigoma, chasi inaisokota nyumba, na kazi irudiwe.

Nanyi vijana mnaojifunza umakanika hapa Kongo, ambako mvua hugeuza barabara za udongo kuwa tope, sheria hii ni yenu pia, hata kama hamtajenga kamwe nyumba ya safari. Lori lenye mzigo hutii sheria ileile. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Fundi na akumbuke pia kwamba la nne laweza kukitikisa. Ni heri mlango ugome karakanani, penye nyundo na mwalimu, kuliko chasi kukatika porini, watoto wakiwa wamelala ndani.