Fomula Moja Haitoshi kwa Udongo wa Komarock

Wiki hii nilitaka kuandika kuhusu Python, lakini mvua imenibadilishia mada. Anayekaa Komarock ananielewa. Mvua ikinyesha, matope meusi yanang'ang'ania kiatu. Jua likiwaka, ardhi inapasuka nyufa. Huo ni udongo mweusi wa pamba, uliotanda sehemu kubwa ya Eastlands. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, na lami iliyo juu yake inafuata.

Rafiki yangu mhandisi aliniuliza: je, kompyuta inaweza kukisia nguvu ya udongo huu bila kungoja maabara?

Kwanza tuelewane. Nguvu ya udongo ulio chini ya barabara hupimwa kwa CBR, kipimo kilichoanzia California, Marekani. Udongo unashindiliwa ndani ya mkebe wa chuma, unalowekwa siku 4, kisha unasukumwa kwa chuma cha duara ili kuona unavyostahimili. Jibu ni asilimia ukilinganisha na kokoto nzuri. Mwongozo wa barabara wa Kenya wa mwaka 1987 uliweka udongo wa CBR 2 hadi 5 katika daraja la chini kabisa, S1. Udongo mweusi wetu huangukia humo.

Siku 4 kwa kila sampuli, na barabara ina sampuli nyingi! Ndiyo maana watu wametafuta njia ya mkato. Mwongozo wa lami uliotolewa Marekani mwaka 2004 una fomula hii kwa udongo wa mfinyanzi:

CBR = 75 / (1 + 0.728 × F × U)

F ni sehemu ya udongo inayopita kwenye chekecheo la milimita 0.075. U ni unyumbufu, yaani tofauti kati ya unyevu unaofanya udongo uanze kutiririka na ule ambao udongo ukiviringishwa kama uzi unakatika. Tuseme F ni 0.9 na U ni 35. Unapata CBR 3 hivi. Mstari mmoja wa programu, kazi imekwisha!

Hapo ndipo mimi nasema: polepole, ndugu zangu.

Fomula ni mtoto wa data iliyoizaa. Hii haikuzaliwa Nairobi. Na tuna mfano wa nyumbani. Bwawa la Sasumua, kule Kinangop, lilijengwa kwa udongo mwekundu katika miaka ya 1950. Vipimo vya msingi vya udongo ule vilitia watu wasiwasi. Karl Terzaghi, bingwa wa sayansi ya udongo, alieleza mwaka 1958 kwamba madini yake, haloisaiti, yamejikusanya katika chembe ngumu zenye vitundu, kwa hiyo udongo ulikuwa imara kuliko vipimo vilivyodokeza. Bwawa likasimama. Nairobi nayo ina udongo mwekundu upande wa magharibi na mweusi upande wa mashariki. Ukizichanganya data hizo kwenye modeli moja, utapata wastani usiomfaa mtu yeyote.

Kuna hatari nyingine. Modeli ikikosea kwa pointi 3 pale penye CBR 20, si neno. Ikikosea hivyo hivyo pale penye CBR 3, umeambiwa 6, ukapandishwa hadi daraja la S2 na kujenga lami nyembamba kuliko inavyotakiwa. Mvua moja, mashimo. Na kuvimba kwenyewe bado hujakupima.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tumia fomula kuchagua pa kuchimba na sampuli zipi ziende maabara kwanza. Usiitumie kufuta siku 4 za kuloweka. Na tukitaka modeli yetu, tunahitaji data yetu. Barabara za umma hupimwa kwa fedha za umma. Matokeo yakiwekwa wazi kwenye jedwali la kawaida, yaani mahali, kina, F, U, na CBR, hata mwanafunzi wa chuo ataweza kutengeneza modeli ya udongo mweusi na nyingine ya mwekundu, na kutuambia kila moja inakosea kwa kiasi gani. Bila hilo, tutaendelea kuazima fomula za watu na kuziba mashimo yetu wenyewe.

Wahandisi mnaopita hapa, mnasemaje? Nikiteleza mahali, nisahihisheni.