Gari Haikupigii Kelele Bure

Wasee, tuongee ukweli. Kuna ugonjwa umeingia kwa watu wa magari hapa Nairobi, na dawa yake inauzwa ghali. Gari ikianza kuvuma barabara kuu, mtu anakimbia kununua zile shiti nyeusi za kubandika ndani ya milango. Anang'oa viti, anang'oa kapeti, analipa pesa ambayo ingetoa kodi ya nyumba, halafu anaposti video: "Sikizeni vile imetulia!"

Mimi nasema hivi: kama hujui kelele inatoka wapi, umelipa ili usisikie. Hujatengeneza kitu.

Shiti hizo zina kazi yake, sikatai. Zinapunguza mtetemo wa bati. Lakini haziwezi kuziba mwanya wa raba ya mlango, na haziwezi kuponya beringi inayokufa. Ni kama kupaka dari rangi wakati mabati juu yametoboka.

Kwanza ujue ni nani anaongea. Kwa kawaida ni watatu: upepo, tairi, au beringi ya gurudumu. Kila mmoja ana lugha yake.

Upepo hupiga mluzi au hufoka kama mtu anapuliza chupa. Unaanza polepole ukiwa 80, ukifika 100 unatawala. Sababu ni hesabu tu: ukiongeza mwendo mara 2, shinikizo la upepo kwa gari linapanda mara 4. Tena hubadilika gari ikikutana na upepo wa pembeni, au ukipitana na lori.

Tairi huimba kulingana na barabara. Ukitoka kwa lami laini ukaingia ile ya kokoto na sauti ikabadilika hapo hapo, wacha kulaumu milango. Simama, zima gari, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, ukienda mbele na kurudi nyuma. Ukihisi meno ya msumeno, tairi imelika vibaya: angalia alainimenti na shokomzoba. Na usome zile namba 4 za mwisho za kodi ya DOT ubavuni. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Raba ya zamani hukauka, na raba kavu hupiga kelele.

Beringi ndiyo mbaya. Inavuma kama ndege ya mbali, mvumo unapanda na mwendo wa gari, na ukitoa mguu kwa mafuta hauondoki. Ukikata kona ndefu kwenda kushoto na mvumo ukazidi, mara nyingi ni beringi ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko. Beringi ikiachwa mpaka mwisho, gurudumu linaanza kucheza, na hali ikizidi linaweza kuchomoka. Sasa fikiria hiyo kwa mteremko wa Mai Mahiu, na wewe umeongeza volumu.

Kama ni upepo, dawa ya kuutafuta ni maskin tepu, ile ya karatasi mafundi wa rangi hutumia. Funika mistari yote ya milango, chini ya vioo vya pembeni, na ukingo wa kioo cha mbele. Endesha kipande kile kile cha barabara, mwendo ule ule, madirisha yamefungwa, redio imezimwa. Kelele ikiisha, simama mahali salama, toa tepu moja, rudi tena. Ile ukitoa kelele inarudi, hapo ndipo. Na anayesikiliza awe abiria. Dereva kazi yake ni barabara.

Nyumbani, chukua noti ya soo, ifungie kwa mlango, uivute. Ikitoka bila kukataa, raba hapo haikazi. Halafu tazama vitu tumeongeza wenyewe: keria ya juu isiyobeba chochote, vile viplastiki vya kuzuia mvua dirishani, kioo cha mbele kilichobadilishwa haraka haraka. Chungulia na chini: matuta yetu hupasua ile plastiki ya kufunika injini, ikabaki inapepea.

Najua mtaniambia, "Buda, hiyo ni Vitz, ulitarajia nini?" Sawa. Gari ndogo haitakuwa kimya kama ya mdosi. Lakini gari iliyokuwa imetulia Januari na inavuma Juni haijapungua uzito. Kuna kitu kimebadilika. Na fundi akikwambia "hizi gari ziko hivyo" bila hata kuinua gurudumu kwa jeki alizungushe kwa mkono, huyo hajapima. Amekisia, na kukisia kwake unakulipia wewe.

Wanaonunua gari ya kwanza, hii ni yenu zaidi. Gari nyingi tunazopata ni mitumba ya Japani, na sheria inaruhusu mpaka miaka 8. Ikiwa na miaka 7, raba zake za milango pia zina miaka 7. Kwa hivyo siku ya kujaribu gari, msikubali kuzunguka mtaa tu. Ombeni barabara kuu. Na muuzaji akiwasha redio ati mskie spika, izimeni. Spika mtaziskia gari ikisimama.

Tumezoea kufunika kelele kwa muziki mpaka tunaona ni swagi. Tepu ni mia chache tu. Kiganja na masikio unayo. Tafuta kwanza, tengeneza, halafu kama bado unataka shiti zako, bandika. Hapo sitakuwa na neno.